Redio Inayosikia Haijafa

Katika stoo ya kampuni moja ya utalii mjini Arusha niliwahi kuonyeshwa rafu iliyojaa redio za upepo zilizong'olewa kwenye magari. Kila moja ilikuwa imebandikwa kipande cha utepe wa karatasi, na juu ya utepe neno moja lililoandikwa kwa kalamu nene: MBOVU. Hapakuwa na tarehe, wala namba ya gari, wala dalili ya ugonjwa. "Hizo zimekufa, fundi," mtunza stoo aliniambia. "Zinangoja mtu wa vyuma chakavu." Nikamuuliza zilikufaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Zilikuwa zinasikia, ila hazisemi."

Maneno hayo nimeyasikia kwa madereva wa watalii, wa malori, wa ambulensi na kwa walinzi wa mashamba. Gari linaingia gereji, dereva anashuka, anasema redio imekufa: inasikia lakini haisemi. Bosi wake naye keshaulizia bei ya mpya. Imani iliyo nyuma ya maneno hayo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena, kwamba redio isiyosema imefika mwisho wake na dawa yake ni kununua nyingine. Imani hiyo ina wadogo zake wawili. Wa kwanza anasema usiposikika, paza sauti. Wa pili anasema maiki ikigoma, igongegonge itakaa sawa.

Nawapinga wote watatu, tena kwa hoja moja. Ubovu wa redio ya gari kwa kawaida haukai palipo na bei kubwa. Hukaa palipo na mwendo. Na katika redio nzima, kitu kinachokwenda na kurudi mkononi mwa mtu kutwa nzima ni kimoja tu: maiki na waya wake.

Nianze kwa kuwatendea haki wanaosema redio imekufa, maana hawakuiokota imani yao barabarani. Redio za magari hufa kweli. Ukikosea nyaya za betri ukageuza chanya na hasi, unaweza kuiunguza. Ukiifunga redio ya volti 12 kwenye lori la volti 24 bila kipunguza volti, haitapata hata nafasi ya kuaga. Ukirusha kwa muda mrefu huku antena imekatika, nguvu iliyokosa pa kutokea hurudi ndani na kuzitesa transista za mwisho za kurushia. Zaidi ya hayo, dereva aliye Seronera na wageni sita garini si mtu wa kukaa chini na kuchunguza. Anachojua ni kwamba anabonyeza, anasema, na hajibiwi. Kwake yeye kile kisanduku chenye namba za chaneli ndicho redio; maiki ni kishikio tu. Akisema redio imekufa, anaeleza alichokiona. Kosa ni kukigeuza alichokiona kuwa hukumu.

Hebu tuyapime maneno yake mwenyewe. Amesema inasikia. Katika neno hilo moja mna ushahidi mwingi. Redio ikimsikia mtu aliye mbali, maana yake umeme unaifikia, fyuzi ni nzima, antena ipo na waya wake unapitisha, chaneli imepangwa sawasawa na spika inafanya kazi. Kusikia na kusema hutumia betri ile ile, antena ile ile na waya ule ule wa antena. Antena yenye kasoro ndogo inaweza kusikia na bado ikarusha vibaya, hilo nitalirudia. Lakini kwa jumla, kabla hatujashika bisibisi, washukiwa wengi wameshajitetea. Waliobaki ni wachache: maiki, waya wake, kitufe chake, tundu inamochomekwa, na sehemu ya ndani inayorusha.

Jiulize sasa ni yupi kati ya hao anayeteswa kila siku. Sehemu ya kurushia imechomewa kwa lehemu kwenye ubao wake, ndani ya chasi ya alumini, ikakazwa kwa skrubu chini ya dashibodi. Inatikisika pamoja na gari, lakini haikunjwi wala haivutwi. Maiki huchomolewa kwenye ndoano, huvutwa hadi mdomoni, huachiwa ijirudie yenyewe, huangukia breki ya mkono, hukaliwa na mgeni anayehamia kiti cha mbele, hupewa mtoto achezee ili atulie. Waya wake uliojiviringa kama springi umetengenezwa ili unyumbulike, lakini kila kinachonyumbulika kina siku yake. Ongeza barabara iliyokunjamana kama bati, ongeza na lile vumbi laini la udongo wa majivu ya volkano kati ya Naabi na Ndutu, ambalo huingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Anayeanza kutafuta ubovu kwenye kisanduku ni sawa na daktari anayempima moyo mgonjwa aliyeingia akichechemea.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua maiki iliyosusa uifungue skrubu zake za nyuma. Utashangaa jinsi vilivyomo vilivyo vichache: kidonge cha kunasia sauti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ubao mwembamba, swichi ya kitufe, na nyaya kadhaa za rangi mbalimbali zinazoingilia kwenye shingo ya mpira. Kwa nje nyaya hizo ni nzima, ganda la plastiki halina hata mkwaruzo. Sasa weka mita kwenye mlio. Gusisha ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine pale waya ulipochomewa, kisha ikunje ile shingo taratibu, kulia na kushoto. Mita inalia. Inanyamaza. Inalia tena. Umefika. Nyuzi za shaba zimekatika ndani ya ganda zima, kama mfupa uliovunjika chini ya ngozi isiyo na jeraha. Waya ukilala upande huu ncha zinagusana, ukilala upande ule zinaachana. Dereva hakudanganya aliposema asubuhi ilisema na mchana ikagoma. Kilichobadilika ni namna alivyoishika, naye hakujua.

Tiba yake haina makuu. Piga picha kwa simu kabla hujatenganisha chochote, maana rangi za nyaya hazifuati kanuni moja kwa watengenezaji wote. Kata waya sentimita chache kupita pale palipokatika, menya, paka lehemu, chomea kila rangi mahali pake. Kisha, na hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu, rudisha kibano kinachoishikilia shingo, ili waya ukivutwa mvuto uishie kwenye kibano na usifike kwenye lehemu. Anayekisahau kibano atamwona mteja wake tena mwezi haujaisha. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye redio za magari tumezidisha: tunajenga ukuta huku ufa tunauona.

Kinachowapoteza wengi ni kudhani kwamba ukimya wote ni mmoja. Ukimya una aina zake, na kila aina inamtaja mshukiwa wake. Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa, kinahitaji macho. Subiri chaneli itulie, kwa sababu kuna redio zilizopangwa zisirushe wakati mtu mwingine anaongea, kisha bonyeza kitufe na utazame taa ya kurusha, ambayo kwenye redio nyingi ni nyekundu. Isipowaka, redio haijapata habari kwamba unataka kusema. Sauti yako bado haihusiki. Kinachoshukiwa ni swichi ya kitufe, waya wake, au plagi iliyolegea tunduni. Kwenye maiki nyingi swichi hiyo ni kipande cha mpira chenye kaboni kinachogusa njia za shaba, na vumbi likikaa katikati, mguso unakosekana. Pamba yenye spiriti kidogo inatosha kuisafisha. Mafuta ya kupulizia ya kulegezea nati yaache kwenye nati, maana ndani ya maiki yatakusanya vumbi zaidi, na yakifika kwenye kidonge yatakiua.

Taa ikiwaka, mwulize mwenzako aliyeegesha mita ishirini au thelathini kutoka kwako anapata nini. Akikujibu, "Nakupata, ila ni hewa tupu," amekupa habari njema bila kujua. Redio yako inarusha. Wimbi limetoka, limefika, limeifungua redio ya pili; kilichokosekana ni sauti juu ya wimbi. Umebaki na kidonge, waya wa sauti, au ile volti ndogo ambayo redio hukipelekea kidonge ili kifanye kazi. Lakini akisema hakupata kitu, hata taa yake ya kupokea haikuwaka, hapo ndipo shaka inapoiacha maiki na kuelekea sehemu ya kurushia. Na kama hapo karibu anakupata vizuri ila ukienda mbali hupatikani, usiiguse maiki kabisa. Tazama antena na waya wake, kwa sababu kwa mita ishirini hata redio yenye antena iliyokatika inaweza kusikika. Karibu ni mahali pa kupimia maiki, mbali ni mahali pa kupimia antena. Wanaochanganya vipimo hivi viwili ndio wanaozunguka duara wiki nzima.

Upo pia ugonjwa wa kinyume, pale taa inapokataa kuzima. Kitufe kimekwama, au maiki imebanwa kati ya kiti na breki ya mkono. Magari yote kwenye chaneli ile yanageuka mateka: wanamsikia mwenzao akiwaeleza wageni tofauti ya duma na chui, na hakuna anayeweza kumkatiza. Redio nyingi huwekewa kikomo cha muda wa kurusha, dakika moja hivi, kisha hujikata. Lakini kitufe kinachorukaruka na mashimo ya barabara huanza hesabu upya kila kikijiachia. Siku kama hiyo utasikia watu wakiapa kwamba ripita, ule mtambo wa mlimani unaopokea mawimbi na kuyarusha upya, imeharibika. Mlimani hakuna tatizo. Tatizo limekaliwa.

Nije sasa kwa mdogo wa kwanza, anayesema paza sauti. Ana mantiki ya kibinadamu, kwa sababu mtu akiwa ng'ambo ya mto humwiti kwa kunong'ona. Tatizo ni kwamba redio hizi za VHF hazifanyi kazi kama koo. Zinatumia FM, mfumo ambao Edwin Armstrong wa Marekani alipata hataza zake mwaka 1933, na ndani ya mfumo huo sauti haiongezi nguvu ya wimbi. Huyasogeza masafa yake kidogo juu na kidogo chini. Redio ya wati 25 hurusha wati 25 ukinong'ona, ukifoka, na hata ukinyamaza huku umebonyeza. Tena kule kusogea kumewekewa uzio. Kwenye chaneli ya kilohezi 12.5, masafa hayatakiwi kusogea zaidi ya kilohezi 2.5 kila upande, na ndani ya redio mna sakiti inayokata kila kinachozidi. Ukifoka, kinachozidi ni maneno yako, na ndiyo yanayokatwa. Wewe umesema simba wako kwenye mawe, mwenzako amepata mkwaruzo. Anakuomba urudie. Unadhani yuko mbali, unafoka zaidi, naye anapata mkwaruzo mkubwa zaidi.

Anayesema kwa sauti ya mazungumzo, maiki ikiwa vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, imegeuzwa pembeni kidogo ili pumzi isiigonge moja kwa moja, husikika vizuri kuliko anayegombana nayo. Anayebonyeza kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasema, hatapoteza neno lake la kwanza. Umbali unaamuliwa na kimo cha antena na kilicho kati yenu. Ukiwa chini ndani ya Kreta ya Ngorongoro, kuta zikiwa zimesimama kiasi cha mita 600 juu ya sakafu, hakuna koo litakaloruka ukingo ule. Hata kuongeza nguvu kutoka wati 25 hadi 50 kunasaidia kidogo mno mbele ya ukuta wa namna hiyo. Kusogea mahali penye mwinuko kunasaidia zaidi. Ila kama sauti yako ni hafifu kwa kila anayekusikiliza, wa karibu na wa mbali, usilaumu koo wala mlima. Angalia kitundu cha maiki. Mara nyingi utakikuta kimezibwa na vumbi lililogandishwa na soda, au na utepe uliobandikwa na dereva aliyechoshwa na kelele za upepo.

Mdogo wa pili, anayegonga, nampenda zaidi, kwa sababu babu yake alikuwa na haki. Maiki zilizotangulia kuenea duniani zilikuwa za kaboni. Mwaka 1878, huko London, David Edward Hughes alionyesha jinsi mgusano uliolegea wa kaboni unavyoweza kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa mabadiliko ya umeme. Kwa vizazi kadhaa baada yake, simu za dunia na redio nyingi za mawasiliano zilitumia kikopo kilichojazwa punje za kaboni. Punje hizo zilikuwa na tabia ya kushikamana, na zikishikamana sauti hufifia. Ukiigonga maiki kwenye kiganja, punje zilitawanyika na sauti ikarudi. Enzi hizo kugonga kulikuwa ufundi halali.

Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakiwa Bell Labs huko Marekani, walibuni maiki ya elektreti, yenye utando mwembamba wa plastiki unaohifadhi chaji ya umeme kwa miaka mingi. Kidonge cha aina hiyo ndicho kilichomo katika maiki nyingi za redio za magari tunazotumia leo. Hakina punje za kutawanya. Kukigonga ni kumwadhibu mjukuu kwa kosa la babu. Ikiwa maiki yako ilipona baada ya kugongwa, hukuiponya. Uliusogeza waya uliokatika, ncha zikagusana kwa muda, na ndiyo maana kesho utaigonga tena na kesho kutwa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo nitampa sifa moja. Kugonga kukirudisha sauti, hata kwa dakika, kumeshakupa jibu: redio ni nzima, kuna kitu kimelegea maikini. Acha kugonga hapo hapo, ipeleke kwa fundi, umweleze ulichokiona.

Liko pingamizi moja ambalo silipuuzi. Dereva mmoja mtu mzima aliniambia, "Fundi, wewe una meza, una mita, una siku nzima. Mimi nina wageni wanashuka Kilimanjaro saa mbili. Nipe redio nyingine niondoke." Haraka yake ilikuwa ya kweli, lakini alichagua njia ndefu. Redio haitoki dukani ikiwa inazijua chaneli zenu. Lazima ipangwe kwa kompyuta na programu yake, na masafa yenyewe hayaokotwi. Ni yale ambayo kampuni imepewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kisha ifungwe, iunganishwe na betri, ijaribiwe. Kuchomoa maiki na kuchomeka nyingine ni kazi ya sekunde kumi. Kwa hiyo kampuni yenye magari kumi, kabla ya kununua redio ya akiba, iweke maiki moja nzima ndani ya droo, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Ni kipimo na tiba kwa pamoja. Ikisema kwenye gari lililogoma, kesi imekwisha na gari linaondoka. Isiposema, ichukue ile iliyoshukiwa uijaribu kwenye gari zima. Kwa kwenda na kurudi huko, maiki na redio zimetenganishwa bila kufungua skrubu hata moja.

Hapa lakini nakutana na kosa jingine, la wale waliokwisha kunikubali kupita kiasi. Wao husema maiki ni maiki, plagi ikiingia imefaa. Si kweli. Kenwood na Icom zote zina redio zinazotumia plagi ya pini nane inayofanana na ya waya wa mtandao wa kompyuta, ila mpangilio wa pini unatofautiana. Pini inayobeba sauti kwenye hii inaweza kuwa ya kitufe au ya umeme kwenye ile. Ukichomeka kwa kubahatisha unaweza kuiharibu redio iliyokuwa nzima. Maiki ya akiba iwe ya redio ile ile, au kwanza ilinganishwe na mchoro wa pini.

Tena kuna siku maiki husingiziwa. Ukisikika na mvumo unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, huo ni wa altaneta. Tafuta waya wa hasi uliolegea, au umeme wa redio uliochukuliwa kwenye fyuzi za dashibodi badala ya kwenye betri yenyewe. Sauti ikipiga mluzi ukiwa kwenye nguvu kubwa, kisha ikatakata ukishusha nguvu, basi mawimbi yako mwenyewe yanarudi garini na kuingilia waya wa maiki, na wa kukaguliwa kwanza ni antena na kitako chake kilicholiwa na kutu. Halafu kuna ndoano. Kwenye redio nyingi ndoano ya maiki ni swichi, wengine huidhania msumari wa kutundikia. Maiki ikiwa imetundikwa, redio hujua mwenyewe katulia, ikawanyamazisha wasio wa kundi lake na kuendelea kuzungukia chaneli. Ikiondolewa, huacha kuzunguka na kuwasikiliza wote. Dereva ambaye ndoano yake ilivunjika akawa anaitundika maiki kwenye kioo cha ndani, huja akilalamika kwamba redio siku hizi inaokota kelele za kampuni nyingine na haitafuti tena chaneli. Anataka mpya. Anachodaiwa ni ndoano na kipande cha waya wa hasi.

Kwa hiyo sisemi tuache kuzitupa redio tuanze kuzitupa maiki. Nasema maswali yana utaratibu wake: uanze na kinachotembea kabla ya kilichotulia, na kinachojaribiwa kwa mkono kabla ya kinachodai bisibisi.

Mtu atauliza, kama imani ile ni potofu kiasi hiki, imedumu vipi miaka yote hii mbele ya watu wenye akili zao? Imedumu kwa sababu kila ikijaribiwa inaonekana kufaulu. Redio mpya huja ndani ya boksi lake, na ndani ya boksi hilo hilo, kwenye mfuko wake, kuna maiki mpya. Fundi anaing'oa ya zamani pamoja na maiki yake, anafunga mpya pamoja na maiki yake, dereva anabonyeza, kituo kinajibu. Kila aliyesimama pale ameona kwa macho yake kwamba redio ya zamani ilikuwa imekufa. Vitu viwili vimebadilishwa kwa wakati mmoja, na sifa amepewa mwenye bei kubwa.

Siku ile pale stoo nilikuwa na maiki nzima ya aina yao kwenye mkoba. Nikaomba betri, nikaomba antena ndogo ya sumaku, nikamtuma mtunza stoo akakae kwenye gari lililoegeshwa nje, redio yake ikiwa wazi. Nikaiunganisha redio ya kwanza kwenye rafu. "Unanisoma?" Kimya kidogo, kisha sauti yake ikatoka spikani yenye mshangao: "Nakusoma vizuri." Ya pili. "Nakusoma." Ya tatu taa yake nyekundu iliwaka, nikasema, nikarudia, nje hakuna kitu. Nilibadilisha antena, nikabadilisha betri, nikairudisha maiki kwenye redio ya pili kuhakikisha bado inasema. Ilisema. Ya tatu ilikuwa mgonjwa kweli.

Alirudi ndani akizitazama zile mbili kama watu waliofufuka. Akabandua tepe zao, akaziviringa, akazitia mfukoni. Mkono wake ulipofika kwenye ya tatu nilidhani atauacha utepe wake ulivyo, kwa kuwa hiyo angalau ilikuwa mbovu kweli. Akaubandua nao. Akakata kipande kipya, akakilaza mezani, akafikiri kidogo huku kalamu iko hewani, kisha akaandika: INASIKIA. TAA INAWAKA. HAIRUSHI. MAIKI SI TATIZO.